Pumzi kabla ya sindano: kisa cha ovadozi iliyookolewa Malindi

Kisa hiki kilitokea katika mtaa mmoja wa Malindi. Majina, tarehe, jina la mtaa na baadhi ya mambo ya familia yameondolewa. Aliyenusurika amesomewa maandishi haya, ameyakubali, na amejichagulia mwenyewe jina la Baharia. Ninaandika kama mmoja wa wasimamizi wa kikundi cha mtaani kinachowahudumia watu wanaotumia unga, yaani heroini. Nimekiandika kwa ajili ya wenzetu wa Lamu, Kilifi, Mombasa na kwingineko wanaofanya kazi hii, na kwa ajili ya jamaa wa watumiaji, ambao mara nyingi ndio wanaokuwapo chumbani mtu anapozidiwa.

Usuli

Unga si mgeni Malindi. Ulianza kuonekana pwani yetu miaka ya 1980, kwanza ule wa kahawia wa kuvuta, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mweupe, na pamoja nao sindano. Bahari inayotulisha ndiyo inayoupitisha: Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi likiwa na kilo 1,032 za heroini nje ya pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu kubwa hupita kwenda mbali. Kiasi kinachobaki kimetosha kuzizika nyumba nzima nzima.

Tiba nayo imefika. Kenya ilifungua kliniki yake ya kwanza ya methadoni Nairobi, Desemba 2014, na Malindi ikafuata mapema 2015. Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa kila siku dirishani, mbele ya mhudumu, na ikishamkaa sawasawa haoni arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa, wala halazimiki kuutafuta unga. Watu waliokuwa wakilala kwenye magofu ya hoteli leo wana maduka, wana tuktuk, wana watoto wanaokwenda madrasa asubuhi. Nimeyaona haya kwa macho yangu.

Baharia alikuwa mmoja wao. Mvuvi, umri wa miaka thelathini na kitu, alitumia unga miaka tisa, mitano ya mwisho kwa sindano. Alipozidiwa alikuwa kwenye methadoni mwezi wa kumi na nne, dozi ya miligramu 80 kwa siku, na hakuwa amegusa unga kwa zaidi ya nusu mwaka. Anaishi na mama yake na dada yake mdogo.

Jambo jingine lazima litangulie, kwa sababu bila hilo usiku ule ungekwisha vingine. Miezi mitatu kabla, kijana wa maskani aliyokuwa akiketi Baharia, kijiwe cha watumiaji, alifariki. Wenzake walimsikia akikoroma usiku, wakadhani kalala. Alfajiri alikuwa wa baridi. Nyumbani ilisemwa ni presha, naibu chifu akatoa kibali cha mazishi, na kabla ya alasiri tulikuwa tumeshamzika. Sikulaumu mtu. Ndiyo desturi yetu na ndiyo sitara ya marehemu. Lakini juma lililofuata tuliitisha kikao cha wanamaskani wenyewe, tukafundishana namna ya kumtambua aliyezidiwa na namna ya kumpulizia pumzi. Walikuja kumi na mmoja. Tuliwafunzia kwenye mkeka, kwa mdoli wa kukopa.

Yaliyotokea

Baharia alikwenda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, kaskazini ya Ngomeni, mwisho wa kaskazi, kwa makubaliano ya siku tatu. Mashine ya mashua ikaharibika, kisha samaki wakakubali, nahodha akaamua kukaa. Siku tatu zikawa kumi na moja. Methadoni haikuwapo, kwa kuwa hainywewi ila dirishani. Siku ya pili arosto ikamshika: jasho, kutapika, tumbo kuharisha, mifupa kuwaka. Wenzake walidhani ni malaria wakamnywesha panadoli. Yeye hakusema neno. Kufikia siku ya saba alikuwa ameanza kula na kuvuta nyavu kama wengine. Mwilini, uzoefu aliokuwa nao wa kuhimili dawa nzito ulikuwa umeporomoka. Hilo hakulijua, na hakuna aliyewahi kumweleza kwa lugha iliyoeleweka.

Walirudi Malindi saa 11 jioni. Akagawiwa fungu lake, akaoga, akala nyumbani. Kliniki ilikuwa imeshafungwa hadi asubuhi. Baadaye alituambia kilichokuwa kichwani mwake: alijua akirudi dirishani hatapewa 80 zake, ataanzishwa chini, aliona haya kuulizwa maswali, na alikuwa hajalala usingizi wa maana tangu dago. Saa 3 usiku alikwenda maskani. Alimeza vidonge viwili vya bugizi, dawa ya usingizi, ili alale, kisha akajidunga kete mbili, vile vipakiti vidogo vya unga. Zamani zake kete mbili zilikuwa kidogo. Alijiona amejizuia.

Saa 3:35 alianza kukoroma. Si ule mkoromo wa mtu aliyechoka. Mmoja wa waliokuwapo aliueleza kama maji yanayochemka sufuriani yakiwa yamefunikwa. Wakamtia koti chini ya kichwa. “Muache alale, katoka baharini huyo,” mmoja akasema.

Saa 3:50 mkoromo ukaanza kukatika. Unakatika, kimya, kisha pumzi moja ya kuvuta kwa nguvu, kisha kimya tena. Hapo ndipo hofu ilipoingia. Wa kwanza akamwagia ndoo ya maji. Wa pili akakimbia kutafuta maziwa. Wa tatu akaanza kuchanganya chumvi na maji ili amdunge, maana hiyo ndiyo dawa ambayo maskani nyingi za pwani zimerithishana. Wa nne, kijana mdogo kuliko wote na aliyekuwa kwenye kile kikao cha mkekani, akampigia simu mwelimishaji rika wetu. Ni mwanamke aliyewahi kutumia unga naye, yuko kwenye methadoni kwa miaka, na nyumba yake haifiki mita mia tatu kutoka hapo.

Alifika saa 3:58 na kanga mbili na tochi ya simu. Alichofanya kwanza ni kukifungua kinywa cha Baharia na kuugeuza mdomo wa chini. Kwa mtu mweusi ngozi ya nje haikuonyeshi mapema. Unatazama ndani ya mdomo na chini ya kucha. Ndani ya mdomo palikuwa rangi ya majivu. Mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akamfinya kifua kwa kifundo cha ngumi: hakushtuka. Akahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Zilikuwa tatu.

“Tupa hiyo chumvi,” alimwambia yule wa tatu. “Huyu hana sumu ya kutolewa. Hana pumzi.”

Akamlaza chali, akainua kidevu, akamziba pua, akampulizia. Pumzi moja kila baada ya sekunde tano, huku kijana mdogo akihesabu kwa sauti. Simu iliwekwa spika kwa muuguzi wetu. Sindano za naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini kwenye ubongo, zilikuwa kituoni kwetu, ndani ya kabati, na ufunguo alikuwa nao muuguzi, na muuguzi anaishi upande wa pili wa mji. Alichukua bodaboda hadi kituoni, akafungua, akachukua, akaja. Alifika saa 4:29.

Kwa hivyo kwa dakika thelathini na moja Baharia aliishi kwa pumzi za watu wengine wawili. Mwelimishaji alipoishiwa nguvu, kijana alipokea. Walipokezana mara nne. Mwelimishaji anasema kila pumzi aliitazama ikipandisha kifua, na pale kifua kilipokataa kupanda alijua kidevu kimeshuka, akakiinua tena.

Saa 4:30 muuguzi akamdunga miligramu 0.4 kwenye paja. Upuliziaji haukusimama. Baada ya dakika tatu pumzi zake mwenyewe zikawa sita. Saa 4:34, miligramu 0.4 nyingine. Saa 4:37 alikuwa akipumua mara kumi na mbili kwa dakika, mdomo umerudi wekundu wake, ila macho yamefumba na akiitwa anaguna tu.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza mgumu ulikuwa hapo. Wanamaskani walitaka sindano ya tatu, “aamke kabisa.” Muuguzi alikataa, na nadhani huu ndio uamuzi wa kitaalamu uliokuwa bora kuliko yote ya usiku ule. Naloksoni huondoa heroini. Haiigusi bugizi. Kama mtu amemeza vyote viwili, atabaki na usingizi hata heroini ikishaondoka, na kumjaza naloksoni kutamtupa kwenye arosto kali bila kumpa uzima zaidi. Mtu aliyeamshwa kwenye arosto hutapika, hupigana, na wengine hukimbilia kete nyingine papo hapo. Lengo ni apumue. Kuamka kutakuja. Walimgeuza ubavu, goti la juu limekunjwa, ili akitapika yatoke nje.

Wa pili: hospitali au la? Wenyeji wa maskani hawakutaka. Walisema anapumua, basi yamekwisha. Na mkienda hospitali askari watakuja, na kesho maskani itavamiwa. Hofu hii si ya kudharauliwa, wengi wao wamewahi kulala rumande. Lakini naloksoni hudumu mwilini kati ya dakika thelathini na saa moja na nusu hivi, na mtu anaweza kuzama tena dawa ikiisha. Muuguzi akawaambia: “Mimi na mama yake ndio tutakaokwenda. Nyinyi hamjulikani, na hakuna atakayewataja.” Wakakubali. Wakamfuata mama.

Mama alikuja bila viatu. Alikuwa akiamini unga ulikwisha nyumbani kwake. Aliketi chini akamshika mwanawe mguu, akasema, “Mwanangu si alikuwa amepona?” Hakuna aliyekuwa na jibu. Muuguzi alimjibu: “Mama, anapumua. Twende.”

Walikwenda kwa tuktuk. Kwenye mapokezi ya hospitali waliyofika, ambayo sitaitaja, mtu mmoja alimtazama mikono akasema huyo ni teja, asubiri kwenye benchi. Muuguzi wetu hakugombana. Alitoa karatasi aliyokuwa akiandika njiani: saa, idadi ya pumzi, dozi, saa, idadi ya pumzi. Daktari wa zamu alipoiona karatasi alimwita ndani papo hapo. Karibu na saa 6 usiku pumzi zikashuka tena hadi saba, akapewa naloksoni ya tatu na oksijeni. Angekuwa nyumbani saa ile, au kwenye koti la maskani, ingekuwa kama yule wa miezi mitatu nyuma. Aliruhusiwa saa 3 asubuhi.

Wa tatu ulikuwa wa kliniki ya methadoni, siku ileile. Baharia aliomba arudishiwe 80. Waliomhudumia walimwanzishia 30, wakaeleza kwa nini: baada ya siku kumi na moja mwili wake haukuwa tena mwili wa 80, na methadoni hukaa mwilini muda mrefu na kujikusanya, dozi ile ile iliyomweka hai mwezi uliopita ingeweza kumuua usingizini mwezi huu. Alikasirika. Mwelimishaji alikaa naye nje chini ya mwarobaini kwa saa mbili. Kesho yake alirudi.

Matokeo

Baharia yuko hai. Dozi yake ilipandishwa taratibu kwa wiki kadhaa hadi akatulia. Hana alama iliyobaki ya kukosa hewa, kwa tuonavyo na kwa asemavyo yeye. Alirudi kwenye unga mara mbili ndani ya mwezi wa kwanza, akatuambia mwenyewe, na mara zote mbili hakuwa peke yake na hakuchanganya na bugizi. Naliweka jambo hili wazi kwa sababu wapo watakaosema hilo ni kushindwa. Mtu aliyekuwa na pumzi tatu kwa dakika, kisha mwezi mmoja baadaye anajua kujilinda na anasema kweli, hajashindwa.

Gharama nyingine ilibaki kwake. Hakwenda dago tena kwa miezi minne, na fungu la dago ndilo lililokuwa likilipa kodi ya nyumba.

Uchambuzi: kilichofaa

Kwanza, pumzi. Heroini haiui kwa sumu ya ajabu. Inakituliza kile kituo cha ubongo kinachoamuru mwili uvute hewa, mtu anasahau kupumua, na ubongo usiopata oksijeni huharibika ndani ya dakika chache. Dakika thelathini na moja bila sindano zingekuwa kifo kama si midomo ya watu wawili. Sisi wenyewe kwenye mafunzo tulizoea kuanza na chupa ya dawa, kwa sababu ndiyo inayovutia macho. Sasa tunaanza na kidevu.

Pili, waliofundishwa walikuwa ndio waliokuwapo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2014 lilisema wanaoelekea kushuhudia ovadozi, yaani marafiki, jamaa na watumiaji wenyewe, wafikiwe na naloksoni na mafunzo ya kuitumia. Kijana mdogo aliyepiga simu alikuja kwenye kikao chetu, kwa maneno yake, kwa sababu ya chai na mahamri. Sijali alikujia nini.

Tatu, karatasi ya muuguzi. Iliugeuza mwili wa mtu anayedharauliwa kuwa mgonjwa mwenye kumbukumbu.

Uchambuzi: kilichoshindikana, na makosa yetu

Ufunguo. Dawa ilikuwa mjini, ilikuwa haijaisha muda wake, ilikuwa imelipiwa, na ilikaa nyuma ya kufuli moja lenye ufunguo mmoja. Tuliiweka hivyo kwa nia ya kuilinda, ilhali naloksoni haimleweshi mtu, haina soko maskani, na kumdunga asiyetumia heroini hakumdhuru. Kufuli lile tuliliweka sisi kwa mazoea, na nusura litugharimu mtu. Tumekubaliana na muuguzi na wasimamizi wa afya utaratibu wa mkoba wenye sindano mbili kukaa kwa wahudumu wawili waliofunzwa, kwa saini na ukaguzi wa kila wiki.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni la kutozungumza na wavuvi kabla ya msimu. Tunamjua kila mvuvi aliye kwenye methadoni, tunajua kaskazi huanza na kuisha lini, tunajua dago ni nini. Hatukuwahi kumwambia yeyote: ukikosa dawa siku kadhaa, mwili wako umerudi kuwa mwili wa mgeni, kete moja ya zamani ni nyingi, na bugizi juu yake ni kaburi. Hatari hii haiko dago peke yake. Imo kwa anayetoka rumande au gerezani, kwa anayetoka hospitali, kwa aliyejaribu kuacha kimyakimya Ramadhani. Imo hata unga wenyewe unapoadimika sokoni kisha ukarudi, kama ilivyokuwa pwani hii mwishoni mwa 2010 na mwanzo wa 2011.

Na hapo kwenye dago kuna fundo ambalo sijui kulifungua. Kunywa dirishani kila siku kunamlinda mgonjwa na kunalinda mtaa. Mvuvi hawezi kuishi hivyo. Moyo wangu unasema aliyetulia apewe dozi za kubeba. Lakini miligramu 80 ndani ya chupa, kwenye kambi ya watu kumi wanaolala chini ya turubai moja, mmoja akiinywa akidhani ni dawa ya kikohozi, atakufa. Kwa sasa tumefika hapa tu: asiyetulia haendi dago kuzidi usiku mmoja, na aliyetulia anakaa na wahudumu wa kliniki kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi.

Neno “teja” nalo. Sikutegemea kwamba litamchelewesha mtu kwenye benchi, nami ni mzaliwa wa hapa, ningepaswa kujua.

Vifo visivyohesabiwa

Marekani ilipoteza watu karibu 105,000 kwa ovadozi mwaka 2023, na mwaka 2024 idadi ikashuka hadi karibu 80,000, takriban robo pungufu kwa mwaka mmoja. Wataalamu bado wanabishana kuhusu uzito wa kila sababu, lakini zinazotajwa ni pamoja na naloksoni, ambayo tangu 2023 huuzwa dukani bila cheti cha daktari, tiba za methadoni na buprenofini kuwafikia wengi zaidi, na mabadiliko ya dawa zenyewe mitaani. Kule tatizo kubwa ni fentanili, yenye nguvu mara nyingi kuliko unga wetu, na naloksoni yao ya kupuliza puani hubeba miligramu 4. Sisi hatuhitaji kuiga kipimo hicho. Baharia alirudi kwa sindano mbili ndogo na pumzi.

Lakini waliweza kusema vimeshuka kwa sababu walikuwa wamevihesabu. Kila kifo kina cheti, na wengi hupimwa damu. Malindi, aliyekufa usiku kwenye koti la maskani ameandikwa presha, na kama leo watu kumi wangeokolewa kwa pumzi, hakuna jedwali ambalo lingeonyesha tofauti yoyote. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, tulitakiwa tueleze thamani ya kazi yetu kwa tarakimu, na tarakimu za waliokufa hatukuwa nazo.

Hatutafukua makaburi, wala hatutawaomba wafiwa wavunje sitara. Tumeanza daftari. Mwelimishaji analishika. Kila aliyezidiwa anaandikwa bila jina: saa, alichotumia, alikosa dawa siku ngapi, nani alipuliza, naloksoni ilichukua dakika ngapi kufika, aliishi au hakuishi. Mstari wa kwanza ni wa kijana wa miezi mitatu kabla ya Baharia; mama yake aliruhusu, kwa masharti kwamba mtaa usiandikwe. Mstari wa pili ni wa Baharia. Kwenye safu ya dakika pameandikwa 31. Mstari wa nne, ulioandikwa baada ya mikoba kuanza kukaa mitaani, una 6.